Otto Loewi, Mioyo Miwili ya Chura na Swali la Kidato cha Tatu

Mwaka jana nikiwa BTP katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma, nilifundisha Kidato cha Tatu mada ya uratibu wa mwili. Nikachora ubongo, nikachora moyo, nikavuta mistari miwili katikati. Huu wa kwanza, nikawaambia, ni neva ya vagasi, kazi yake kupunguza mwendo wa moyo. Huu wa pili ni neva ya simpathetiki, kazi yake kuuongeza. Andikeni. Wakaandika.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akaniita madam, akauliza kwa Kiswahili maana Kiingereza kilikuwa kinamchelewesha. Alitaka kujua neva ikishafika pale kwenye moyo inafanya nini hasa. Inauvuta? Inaupiga shoti? Inauambiaje upunguze mwendo?

Nilimjibu kwamba hilo haliko kwenye silabasi. Darasa likacheka, kijana akakaa. Ukweli ni kwamba sikujua. Jina la ile kemikali nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya UE ya mwaka wa pili, nikafaulu, nikalisahau wiki hiyo hiyo. Wanachuo wenzangu mnanielewa.

Pengine ningelisahau na swali lenyewe kama si bibi yangu. Bibi anaishi Chang'ombe, anauza karanga na ubuyu barazani, na mimi nakaa kwake kwa sababu boom halitoshi kupanga chumba. Kwa miaka mingi moyo wake ulikuwa na tabia ya kwenda mbio ghafla, hata akiwa ameketi tu anachambua karanga. Robo saa, wakati mwingine nusu saa, halafu unaacha papo hapo kama mtu aliyezima swichi. Kila alipofika kupimwa moyo ulikuwa umeshatulia, kwa hiyo haukuonekana ugonjwa. Mtaani kila mtu alikuwa na jina lake: presha, mawazo, wengine wakanong'ona kijicho cha majirani.

Jumamosi moja ukaenda mbio na haukuacha. Nusu saa ikapita, saa nzima ikapita, bibi akaanza kuona giza. Tukapanda bajaji hadi hospitali. Daktari kijana akambandika waya za kipimo cha umeme wa moyo, akaangalia karatasi, kisha akachukua bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe. Akamwomba bibi alipulize kwa nguvu zote kwa sekunde 15, kama anataka kuisukuma ile pampu ya ndani itoke. Alipomaliza tu, wakamlaza chali haraka na kumwinua miguu. Mimi nimesimama pembeni nadhani wanamfanyia mchezo. Mara ile mistari iliyokuwa imebanana kwenye kioo ikaachana, moyo ukatulia. Hakuna dawa iliyoingia mwilini mwake. Nilipouliza, daktari akanieleza kwa kifupi kwamba wameiamsha neva ya vagasi.

Ule mstari wangu wa ubaoni! Nilirudi nyumbani na aibu kubwa. Jumatatu nikaenda maktaba kutafuta jibu la yule kijana, na humo ndimo nilimokutana na Otto Loewi.

Loewi alizaliwa tarehe 3 Juni 1873 mjini Frankfurt, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo. Shuleni alikuwa mzuri katika lugha na historia, lakini hisabati na fizikia zilimsumbua. Alitamani kusomea historia ya sanaa. Wazazi wakaona huko hakuna maisha, wakamsukuma kwenye udaktari. Mwaka 1891 akaingia Chuo Kikuu cha Strasbourg, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya Ujerumani.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana mimi pia ualimu sikuuchagua kwanza, mfumo ulinichagulia. Loewi naye alikuwa anakwepa mihadhara ya udaktari na kwenda kusikiliza ya falsafa. Mtihani wake mkubwa wa kwanza aliuponea chupuchupu. Kwa lugha yetu, sapu aliiona kwa macho. Hata hivyo alijikaza, na mwaka 1896 akapata shahada yake ya udaktari.

Akaanza kazi katika hospitali ya jiji la Frankfurt, na huko akakutana na kilichombadilisha. Wodi zilijaa wagonjwa wa kifua kikuu na nimonia, wengi wao vijana, na tiba hakuna. Madaktari walikuwa wanawaangalia wanakufa. Loewi akaona hawezi kuishi maisha ya kusimama kando ya kitanda bila kitu mkononi. Akaacha wodi, akaenda Marburg kwa Profesa Hans Horst Meyer kusomea jinsi dawa zinavyofanya kazi ndani ya mwili.

Mwaka 1902 alisafiri kwenda Uingereza, akafanya kazi katika maabara ya Ernest Starling jijini London. Huko alifahamiana na kijana mwenzake, Henry Dale, wakawa marafiki wa maisha. Wakati huo wanasayansi wa Ulaya walikuwa wanabishana juu ya swali lile lile la kijana wangu wa dawati la nyuma. Walijua tangu karne ya 19 kwamba ukiichochea vagasi moyo hupunguza mwendo, hata kusimama. Walijua pia kwamba moyo haudundi kwa amri ya ubongo: ukiutoa mwilini na kuuweka kwenye maji ya chumvi yanayofaa, unaendelea kudunda wenyewe. Mwaka 1907 Arthur Keith na Martin Flack walieleza kile kifundo kidogo kwenye chumba cha juu cha kulia cha moyo ambacho ndicho kinachoanzisha kila pigo. Kwa hiyo neva haiuendeshi moyo. Moyo una injini yake, neva inashika breki na mafuta. Lakini mguu unakanyagaje hiyo breki? Wengi waliamini ni umeme unaoruka kutoka neva kwenda kwenye msuli. Wachache walihisi kuna kemikali.

Loewi alikuwa mmoja wa hao wachache. Mwaka 1903, katika mazungumzo na rafiki yake, wazo lilimjia kwamba huenda ncha ya neva inatoa dawa fulani na dawa hiyo ndiyo inayoushika moyo. Lakini hakuona njia ya kulipima wazo hilo, akaliacha. Akaenda Vienna, akaoa, akapata watoto wanne, na mwaka 1909 akawa profesa mjini Graz, Austria. Alifanya kazi nyingine kabisa na akapata sifa. Lile wazo likalala miaka 17.

Kisha ikaja ndoto. Kwa kumbukumbu zake mwenyewe ilikuwa mwaka 1920, usiku wa kuamkia Pasaka. Aliota jaribio zima, akaamka, akawasha taa, akaandika maelezo kwenye kipande cha karatasi, akalala tena. Asubuhi alijua kabisa kwamba ameandika jambo kubwa, ila mwandiko wake ulikuwa hausomeki. Siku nzima akaikodolea macho ile karatasi, hakuambulia hata neno. Aliyewahi kuandika noti za mhadhara huku anasinzia anajua mateso hayo.

Usiku uliofuata, saa tisa, ndoto ikarudi. Safari hii hakuandika kitu. Aliondoka kitandani moja kwa moja hadi maabara.

Akachukua mioyo miwili ya chura. Wa kwanza aliuacha na neva zake, wa pili akauondolea neva. Yote ikawa inadunda, kila mmoja na maji yake ya chumvi. Akaichochea vagasi ya moyo wa kwanza kwa dakika chache, ukapunguza mwendo kama ilivyotarajiwa. Kisha akachota yale maji yaliyokuwa ndani ya moyo wa kwanza, akayatia kwenye ule wa pili. Moyo wa pili ukapunguza mwendo. Kumbuka haukuwa na neva. Hakuna waya uliougusa, hakuna umeme ulioufikia, ni maji tu. Akarudia kwa neva ya kuongeza mwendo, akachota maji, akayahamisha: moyo wa pili ukaenda mbio.

Mpaka kunakucha, jibu lilikuwa limepatikana. Neva inapofika kwenye moyo inatoa kemikali. Ndiyo inayouambia.

Alichapisha matokeo hayo mwaka 1921. Kemikali ya vagasi aliiita kwa Kijerumani kitu cha vagasi tu, maana hakujua ni nini. Usidhani walimpigia makofi. Watu wengi walijaribu kurudia jaribio lake wakashindwa. Sababu zilikuja kujulikana baadaye: matokeo yanabadilika kwa aina ya chura, msimu wa mwaka na baridi ya chumba, na ile kemikali yenyewe huharibiwa haraka sana na kimeng'enya kilichomo mwilini. Loewi alikiri baadaye kwamba kama angelitafakari lile wazo mchana akiwa na akili zake timamu, asingelijaribu kabisa. Angejiambia kwamba neva ikitoa kemikali itatoa kidogo tu, ya kumtosha mwenyewe, haiwezi kubaki nyingine ya kumwagikia kwenye maji. Bahati yake ni kwamba alikuwa na usingizi.

Mwaka 1926 alisimama kwenye mkutano wa kimataifa wa wanafiziolojia jijini Stockholm, akalifanya jaribio mbele ya watu, tena na tena, mara 18 kwa moyo ule ule. Mwaka huo huo yeye na msaidizi wake wakaonyesha kwamba kitu cha vagasi kina tabia zote za asetilikolini, kemikali ambayo rafiki yake Dale alikuwa ameichunguza kwa miaka mingi. Hilo ndilo jina nililolikariri kwa ajili ya UE. Mwaka 1936 Loewi na Dale walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba.

Hadithi ya mafanikio ingeishia hapo, ila maisha yake hayakuishia hapo. Machi 1938 Hitler aliichukua Austria. Usiku ule ule vijana wenye bunduki waliingia nyumbani kwa Loewi, wakamtoa kitandani, wakampeleka jela. Wanawe wawili nao walikamatwa. Kosa lao lilikuwa Uyahudi. Akiwa ndani, mzee huyu aliyekaribia miaka 65 aliamini atauawa. Na unajua alichokuwa anakihofia? Kwamba matokeo ya jaribio lake la mwisho yalikuwa hayajachapishwa. Akamwomba askari wa zamu kadi ya posta na kalamu, akayaandika matokeo kwa kifupi ili yapelekwe kwenye jarida la sayansi. Alipoikabidhi, roho yake ikatulia.

Aliachiwa baada ya kama miezi miwili. Lakini kabla ya kuruhusiwa kuondoka nchini alilazimishwa kuiandikia benki ya Stockholm ihamishe fedha zake za Nobel kwenda benki iliyokuwa mikononi mwa Manazi. Septemba 1938 akaondoka mikono mitupu. Mke wake akazuiliwa nyuma na hawakuungana tena hadi 1941. Loewi alipitia Uingereza na Ubelgiji, na mwaka 1940 akapata nafasi Chuo Kikuu cha New York. Kuna kisa alichopenda kukisimulia. Alipofika bandarini Marekani alichungulia cheti cha afya alichoandikiwa na daktari, akakuta kimeandikwa kwamba ni mzee asiyeweza kujitafutia riziki. Mshindi wa Nobel huyo! Aliendelea kufundisha na kuwa na vijana wa sayansi kwa zaidi ya miaka 20, mpaka alipofariki siku ya Krismasi 1961, akiwa na miaka 88.

Sasa rudi Chang'ombe. Bibi alipopuliza lile bomba, presha ilipanda ndani ya kifua chake. Alipolazwa na miguu kuinuliwa, damu ilirudi kwa wingi moyoni, na vihisio vilivyomo kwenye mishipa mikubwa ya damu vikapeleka taarifa kwenye ubongo. Ubongo ukaijibu kwa vagasi. Vagasi ikamwaga asetilikolini. Asetilikolini ikaichelewesha ile njia ya umeme iliyokuwa inazunguka ndani ya moyo kama bodaboda kwenye kipilefti isiyoona pa kutokea. Mzunguko ukakatika. Watafiti wa Uingereza walilipima jambo hilo na kutoa matokeo mwaka 2015: kupuliza huku mgonjwa amekaa nusu na kubaki hivyo kuliwatuliza 17 katika kila 100, wakilazwa na kuinuliwa miguu mara baada ya kupuliza, wanatulia 43. Bomba la sindano na godoro, basi. Tafadhali lakini, msijifanyie wenyewe hosteli kabla hamjapimwa. Sio kila mapigo ya mbio ni ya aina hii, na mengine ukiyachezea utaumia.

Madaktari hawakuishia kwenye kupuliza. Hata kabla ya vyura wa Loewi, mwaka 1916, daktari wa upasuaji Thomas Jonnesco wa Bucharest alikata neva za simpathetiki za shingoni upande wa kushoto kwa mgonjwa mwenye maumivu makali ya kifua na mapigo yaliyovurugika, naye akapata nafuu. Alikata waya bila kujua waya unasema nini. Loewi ndiye aliyetuambia unasema nini. Leo upasuaji wa namna hiyo bado unafanyika kwa baadhi ya wagonjwa wa kurithi ambao moyo wao unaweza kusimama ghafla dawa zikishindwa. Na kuna mgonjwa ambaye moyo wake unavurugika tena na tena ndani ya siku moja, hata shoti za umeme hazimsaidii; huyo anaweza kuchomwa sindano ya ganzi kwenye kifundo cha neva shingoni ili ule upande wa mafuta ukae kimya kwa muda.

Kwa ugonjwa ule wa vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo, ambao huleta kiharusi, watafiti wamejaribu kuunguza vifundo vya neva vilivyojishika kwenye moyo wenyewe. Hapa matokeo ni ya kutuliza munkari. Jaribio moja la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umekomaa, kuongeza hatua hiyo kwenye upasuaji hakukuleta faida, na madhara yaliongezeka. Wengine wanajaribu kuichochea vagasi kwa umeme mdogo kupitia ngozi ya sikio, maana tawi lake moja linafika pale. Kazi bado inaendelea. Swali la neva inauambia nini moyo lina jibu, lakini tumwambie nini mgonjwa bado ni kazi ya kesho.

Bibi yeye aliambiwa kwamba moyo wake una njia ya ziada ya umeme, na kwamba kupuliza kunaahirisha tu. Tiba ya kudumu ni kuingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja na kuiunguza hiyo njia. Ameandikiwa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Aligoma. Kusikia tu neno kuunguza na neno moyo pamoja kulimtosha. Akaniita, akaniambia kwa kuwa mimi ndiye ninayesomeshwa, nimweleze mpaka aelewe, la sivyo haendi.

Hapo sikuwa na pa kusema haliko kwenye silabasi. Tulikaa barazani jioni nzima. Nikamsimulia vyura wawili, nikamchorea moyo kwa kijiti mavumbini, upepo ukaufuta, nikachora tena. Aliniuliza maswali ambayo Kidato cha Tatu hawakuniuliza. Aliuliza kama wakiiunguza ile njia moyo utakumbuka kudunda. Nikamweleza kile kifundo cha mwaka 1907, kwamba injini ina mahali pake na hawataigusa kwa makusudi, ingawa hatari ndogo ipo na daktari atamweleza. Akanyamaza. Kisha akasema tutakwenda karanga zikiisha.

Yule kijana nilimtafuta. Sasa yuko Kidato cha Nne. Nikamwomba radhi, nikaanza kumweleza kuhusu kemikali. Akaniambia kwa upole kwamba, madam, aliisoma mwenyewe kwenye kitabu wiki ile ile. Kilichokuwa kigeni kwake ni vyura na ile karatasi isiyosomeka. Alisimama juani kunisikiliza mpaka kengele ikalia.

Tunaondoka na bibi wiki moja baada ya UE. Karanga zimebaki debe moja.